Mtoto Mchanga Anayeugua Kila Mara: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Upungufu wa Kinga wa Kuzaliwa

Swali linalonifikia mara kwa mara kutoka kwa madaktari na matabibu wa wilayani ni lilelile. Mtoto ana miezi mitano, amelazwa kwa nimonia mara ya tatu, kipimo cha VVU ni hasi, amechomwa seftriaksoni mpaka mishipa imegoma. Tufanye nini sasa?

Nikitumiwa picha za jalada, mara nyingi jibu limo humohumo. Limo kwenye FBP (hesabu kamili ya chembe za damu) ya siku ya kwanza aliyolazwa, kwenye mstari wa limfosaiti, yaani chembe nyeupe zinazoongoza kinga, ambao hakuna aliyeusoma kwa kuzingatia umri wa mtoto.

Mwongozo huu unakupeleka kutoka "huyu anaugua sana" hadi barua ya rufaa yenye namba ndani yake. Hatua nyingi zinafanyika kwenye hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye maabara ya kawaida. Mzazi unayesoma hapa, utafaidika zaidi na hatua ya 1, ya 2 na ya 10. Lakini mtoto mwenye homa kali, anayepumua kwa shida, asiyenyonya au aliyelegea apelekwe hospitali kwanza. Kusoma kutafuata baadaye.

## Vitu vya kuandaa

- Kadi ya kliniki ya mtoto, au kijitabu cha mama na mtoto kama uko Kenya, pamoja na karatasi zote za kulazwa, hata zile zilizochakaa.
- Mizani, ubao wa urefu, utepe wa kupimia mkono, kipima oksijeni na tochi.
- Karatasi tupu mbili: moja ya mfululizo wa magonjwa, nyingine ya mti wa ukoo.
- Chupa ya EDTA yenye kifuniko cha zambarau, chupa ya seramu, chupa za kuotesha damu na karatasi ya DBS, ya kukaushia matone ya damu.
- Kikokotoo. Cha simu kinatosha.
- Namba ya simu ya daktari bingwa wa watoto kwenye hospitali yako ya rufaa. Itafute leo, usisubiri usiku wa dharura.

Mtoto wa kilo tano hana damu ya kuchezea. Mililita 1 ya FBP na mililita 1 hadi 2 ya seramu zinatosha kuanzia.

Tahadhari kubwa kuliko zote: chukua damu ya uchunguzi kabla mtoto hajaongezewa damu na kabla hajapewa imunoglobulini (kingamwili za kuchoma). Ukishamwekea damu ya mtu mwingine, utapima kingamwili na limfosaiti za mchangiaji. Kama kuongeza damu hakuwezi kusubiri, jaza chupa mbili kwanza. Ni kazi ya dakika mbili.

## Hatua ya 1: Andika mfululizo wa magonjwa

Chora safu nne: tarehe, ugonjwa, ushahidi, dawa na njia iliyotumika. Jaza kwa kutumia kadi na karatasi, siyo kwa kumbukumbu ya mama peke yake, kwani amechoka na miezi imechanganyikana.

Safu ya ushahidi ndiyo yenye kazi. "Malaria" isiyo na kipimo, au "UTI" iliyotokana na mkojo wa kukamuliwa kwenye nepi, usiihesabu. Nimonia iliyoonekana kwenye eksirei, usaha uliotoka sikioni, bakteria walioota kwenye damu: hizo hesabu.

Sababu ya kuwa mkali hivi ni kwamba mtoto mzima wa afya anaweza kupata mafua na kikohozi mara 6 hadi 8 kwa mwaka, na zaidi akiwa na kaka na dada wanaoleta vijidudu kutoka shule. Tofauti ni kwamba huyo hupona kabisa katikati, hula, na mstari wake wa uzito unapanda.

Dalili zinazokubalika kimataifa za kukufanya ushuku kinga ni hizi:

- nimonia 2 au zaidi ndani ya mwaka mmoja;
- maambukizi mapya ya sikio 4 au zaidi ndani ya mwaka mmoja;
- miezi 2 au zaidi ya antibiotiki bila nafuu ya maana;
- kuhitaji antibiotiki za mshipa ndipo maambukizi yaishe;
- maambukizi mazito 2 au zaidi, kama sepsisi, homa ya uti wa mgongo, au usaha ndani ya mfupa;
- majipu ya ndani yanayojirudia, kwenye ngozi au viungo kama ini;
- fangasi wa mdomoni au wa ngozi wasioisha;
- kutokuongezeka uzito;
- ndugu wa damu mwenye tatizo la kinga.

Kwa wachanga, mambo matatu kati ya hayo ndiyo yenye uzito zaidi: historia ya ukoo, kuhitaji dawa za mshipa, na kutokukua. Ukiona mawili, usiendelee kuhesabu mafua.

Kuna maambukizi ambayo moja tu linatosha: nimonia ya Pneumocystis (aina ya fangasi) kwa mtoto asiye na VVU, BCG (chanjo ya kifua kikuu) iliyosambaa mwilini, au jipu la ini.

Umefanikiwa pale ambapo daktari asiyemjua mtoto anasoma karatasi yako kwa dakika moja na kuelewa ni nini kilitokea, lini, na kilithibitishwaje.

## Hatua ya 2: Chora mti wa ukoo, uliza kwa lugha ya nyumbani

Hapa ndipo wengi hukimbia. Huuliza "kuna ugonjwa wa kurithi kwenu?", mama hujibu "hapana", na kalamu inawekwa chini.

Kifo cha mtoto mchanga huwa na jina lake nyumbani: degedege, zongo, kuhara kwa kuota meno, "meno ya plastiki". Kwa hiyo usiulize ugonjwa. Uliza watu. "Mama, umebeba mimba ngapi? Wako wapi wote?" Kisha: "Kwa mama yako mlizaliwa wangapi? Kuna kaka zako waliofariki wakiwa hawajatembea? Na watoto wa dada zako?"

Uliza hasa upande wa mama na hasa wavulana. Aina kadhaa za upungufu wa kinga hubebwa kwenye kromosomu X: mama na dada zake ni wazima, wavulana wao ndio wanaofariki. Mjomba mmoja na kaka mmoja waliokufa wachanga ni ushahidi mzito kuliko kipimo chochote cha maabara yako.

Kisha uliza kama baba na mama wana undugu wa damu. Kwenye familia ambako binamu huoana, magonjwa yanayohitaji jini moja kutoka kwa kila mzazi hujitokeza zaidi, na hayo huwapata wasichana na wavulana sawa. Uliza kwa heshima, bila uso wa kulaumu. Ni jambo halali kwao, na ukionyesha kushtuka hutapata jibu la pili.

Uliza pia kama mtoto alikatwa kimio au kung'olewa meno kwa mganga. Mtoto anayekohoa kila wiki mara nyingi ameshapelekwa, na jeraha lile linaweza kuwa chanzo cha sepsisi uliyoiandika kwenye hatua ya 1.

## Hatua ya 3: Mvue nguo zote

Usimkague mtoto huyu akiwa amefungwa khanga mapajani mwa mama. Mlaze, mvue na nepi, washa tochi.

Mdomo. Utando mweupe usiotoka kwa kufuta ni fangasi. Kwa mtoto wa wiki tatu ni kawaida. Ukiendelea baada ya nistatini iliyotolewa ipasavyo, au ukirudi baada ya miezi sita ya umri, uandike. Kwa mtoto mkubwa kidogo angalia tonsili: kutokuwepo kabisa, kwa mvulana mwenye usaha wa masikio na nimonia, kunaelekeza kwenye ukosefu wa kingamwili.

Kovu la BCG na kwapa. Tanzania chanjo hutolewa bega la kulia, Kenya mkono wa kushoto. Kagua tezi za kwapa la upande huohuo. Tezi iliyovimba peke yake hutokea kwa watoto wazima pia. Kidonda kinachopanuka, tezi zinazotoa usaha, ini na bandama vilivyovimba na mtoto anayekonda ni habari nyingine: chanjo imesambaa.

Kitovu. Kilianguka lini? Kwa kawaida huanguka ndani ya wiki mbili za mwanzo au baadaye kidogo. Kikipita siku 30 na kuambatana na wekundu usio na usaha, fikiria chembe nyeupe zisizoweza kutoka kwenye mshipa na kufika penye maambukizi.

Ngozi. Pumu ya ngozi pamoja na vidoadoa vya damu kwa mvulana. Majipu makubwa yasiyo na joto. Wekundu wa mwili mzima na ngozi inayobanduka kwa mtoto wa wiki chache. Kila kimoja kina njia yake, tutavirudia kwenye hatua ya 6 na ya 8.

Moyo. Mlio usio wa kawaida wa moyo, pamoja na degedege la kalsiamu kushuka, humaanisha huenda tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na inayokomaza limfosaiti, haikuumbika vizuri.

Malizia na uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Uchore mstari wa uzito upya kutoka kwenye kadi kama nukta hazikuunganishwa. Wakati mwingine namba zote zimeandikwa na hakuna aliyeona kwamba mstari umelala tangu mwezi wa tatu.

## Hatua ya 4: Maliza suala la VVU kwa kipimo sahihi

Huku kwetu VVU ndiyo sababu ya kwanza ya kuondoa, na ndiyo inayokosewa kwa namna mbili.

Kosa la kwanza ni kutumia kipimo cha haraka cha kingamwili kwa mtoto wa chini ya miezi 18. Kingamwili za mama hupita kondo la nyuma na kubaki kwa mtoto kwa miezi mingi. Kipimo chanya hakimaanishi mtoto ameambukizwa. Tumia PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, kwa DBS au kwa mashine ya papo hapo kama kituo chako kinayo.

Kosa la pili ni la hatari zaidi: kuridhika na hasi ya zamani. PCR ya wiki 6 iliyokuwa hasi haimlindi mtoto anayeendelea kunyonya kwa mama mwenye virusi, wala mtoto wa mama aliyeambukizwa baada ya kujifungua. Mtoto anaumwa leo, mpime leo. Mpime na mama leo, hata kama kadi ya ujauzito inasema hasi.

Zingatia hili pia: mtoto asiyetengeneza kingamwili hawezi kuwa na kipimo cha kingamwili kinachoaminika. Kwake hata baada ya miezi 18 tumia PCR.

Umefanikiwa pale unapokuwa na PCR ya ugonjwa huu wa sasa, iliyoandikwa tarehe, na hali ya mama inayojulikana. PCR ikiwa chanya, anza dawa za kufubaza virusi mara moja na tuma sampuli ya uthibitisho. Safari ya mwongozo huu inaishia hapo.

## Hatua ya 5: Ondoa sababu za kawaida, kwa haraka

Utapiamlo mkali hushusha kinga wenyewe. Kuanzia miezi 6, mkono chini ya sentimita 11.5 unatosha kuanza matibabu ya lishe. Lakini jiulize kipi kilitangulia. Mtoto aliyekonda kwa sababu ya kuhara kusikoisha tangu wiki ya nane, huku mama ana maziwa ya kutosha, hakukonda kwa njaa.

Selimundu ipimwe kwa kila mtoto wetu mwenye maambukizi mazito, kwa kuwa bandama la mwenye selimundu huacha kufanya kazi mapema. Kile kipimo cha zamani cha kuangalia chembe zikijikunja hakiaminiki chini ya miezi 6, kwani damu ya kichangani bado ni nyingi. Tumia kipimo cha haraka cha kisasa au elektroforesisi.

Nimonia inayorudi upande uleule wa pafu hutokana zaidi na kitu kilichokwama au umbo la njia ya hewa. Inayorudi baada ya kunyonya na kupaliwa ni maziwa yanayoingia mapafuni. Tundu la moyo, kifua kikuu cha mtu wa nyumbani, na chumba kimoja kinachopikiwa kuni vyote vitafutwe.

Kupata sababu moja hakufungi jalada. Mtoto anaweza kuwa na tundu la moyo na upungufu wa kinga kwa pamoja.

## Hatua ya 6: FBP, na hesabu unayoifanya mwenyewe

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu vizuri, iwe hii.

Mashine nyingi za hematolojia zimewekewa viwango vya mtu mzima. Kwa limfosaiti huandika kitu kama 0.8 hadi 4.0. Mtoto mchanga kwa kawaida ana limfosaiti nyingi kuliko sisi: vitabu vya watoto huweka 4,000 hadi 13,500 kwa kila mikrolita katika miezi 6, na 4,000 hadi 10,500 katika mwaka 1. Kwa hiyo mtoto mwenye 1,400, ambaye ana hatari ya kufa, hutoka na karatasi isiyo na alama hata moja ya kushuka. Daktari anaona karatasi safi na kuiweka kwenye jalada.

Fanya hivi. Tafuta jumla ya chembe nyeupe na asilimia ya limfosaiti, kisha zidisha.

Mfano: WBC 6.2, LYM 22%. Chembe nyeupe ni 6,200. Zidisha kwa 0.22. Unapata 1,364.

Linganisha:

- Chini ya 3,000 katika mwaka wa kwanza: siyo kawaida. Rudia, na mshuku.
- Chini ya 1,500 pamoja na fangasi, kuhara kusikoisha au kutokukua: piga simu leo, usisubiri kurudia.

Surua, sepsisi kali na dawa za steroidi huweza kushusha limfosaiti kwa muda. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa mahututi apimwe tena baada ya wiki 2 hadi 3 akiwa amepata nafuu. Lakini fungua na jalada la zamani. FBP tatu za miezi mitatu tofauti, zote chini ya 3,000, zimeshajirudia zenyewe.

Limfosaiti za kawaida hazimwachii huru kila mtoto. Wapo wenye limfosaiti za mama yao zilizovuka wakati wa ujauzito, na wapo wenye limfosaiti zisizofanya kazi. Hao mara nyingi huwa na wekundu wa mwili mzima, tezi na ini vilivyovimba, na eosinofili nyingi.

Usiishie kwenye mstari mmoja. Soma na hii mingine:

Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria. Chini ya 500 ni upungufu mkali. Lakini watoto wengi wenye asili ya Afrika huwa na nyutrofili za chini kidogo, kati ya 1,000 na 1,500, na ni wazima kabisa. Usimpe mama hofu kwa hilo. Kumbuka pia kwamba zidovudini na kotrimoksazoli, ambazo watoto wa mama wenye VVU hupewa, hushusha nyutrofili. Homa na vidonda vya mdomo vikija kila baada ya wiki tatu hivi, pima FBP mara mbili kwa wiki kwa wiki sita ili ukamate mzunguko. Nyutrofili za juu sana hata siku ambazo haumwi zikiambatana na kitovu kilichochelewa, rejea hatua ya 3.

Chembe sahani. Zikiwa chache na ndogo, yaani MPV imeshuka sana, kwa mvulana mwenye pumu ya ngozi na damu kwenye choo, umepata jina la ugonjwa: Wiskott-Aldrich.

Umefanikiwa pale ambapo namba kamili ya limfosaiti imeandikwa kwa mkono wako kwenye jalada, ikiwa na tarehe na umri wa mtoto pembeni.

## Hatua ya 7: Eksirei ya kifua

Utakuwa umeshaipiga kwa ajili ya nimonia. Irudie kwa jicho jingine: kivuli cha thaimasi kipo juu ya moyo? Kwa mchanga kinatakiwa kuwepo. Kutokuwepo kwake kunaunga mkono mashaka, lakini ugonjwa mkali wenyewe husinyaza thaimasi. Usihukumu kwa eksirei peke yake.

## Hatua ya 8: Umri na mdudu vinakuonyesha njia

Sasa weka karatasi zote mezani.

Alianza kabla ya miezi 3 hadi 4. Fangasi, kuhara, nimonia isiyopona, hakui, BCG inasambaa. Ni tatizo la seli T (kundi la limfosaiti linaloongoza kinga), na la kwanza kufikiria ni upungufu mkali wa pamoja wa kinga, SCID. Hii ni dharura. Mtoto anayepandikizwa uloto (kiini cha mifupa kinachotengeneza damu) akiwa na umri chini ya miezi mitatu na nusu, kabla ya maambukizi, ana nafasi nzuri kuliko anayechelewa. Asiyepata tiba kwa kawaida hafiki miaka miwili.

Alikuwa mzima mpaka miezi 6, kisha masikio, nimonia na homa ya uti wa mgongo zikaanza. Kingamwili alizopewa na mama zimeisha na zake hazitengenezwi. Kwa mvulana fikiria ukosefu wa kingamwili unaobebwa na X.

Majipu, ini lenye usaha, tezi zenye usaha; Staphylococcus aureus, Serratia, Aspergillus. Chembe nyeupe zinameza vijidudu bila kuviua. Hii ndiyo CGD, ugonjwa wa granuloma sugu.

BCG au bakteria wa jamii ya kifua kikuu peke yao wanamwandama, mengine ni sawa. Kuna kasoro kwenye njia maalumu ya kupambana na wadudu hao. Kumbuka GeneXpert, mashine ya kupima kifua kikuu, itasema "kifua kikuu" hata kama ni BCG, na kwamba BCG haisikii pirazinamidi, mojawapo ya dawa za kifua kikuu. Mwambie mtaalamu kabla ya kupanga dawa.

Kwa hiyo otesha damu, usaha na choo kila unapopata nafasi, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Jina la mdudu hukuokolea vipimo vya gharama kubwa.

## Hatua ya 9: Vipimo vya ngazi ya pili

Hapa huenda ukahitaji kutuma sampuli mjini. Agiza kwa mpangilio, kwani mama analipa kutoka mfukoni.

IgG, IgA na IgM, aina tatu za kingamwili. Soma kwa umri. IgG ya mtoto hushuka hadi chini kabisa kati ya miezi 3 na 6, wakati ya mama inaisha na yake haijapanda, hivyo namba ndogo umri huo peke yake siyo ugonjwa. IgG chini ya gramu 2 kwa lita kwa mtoto wa chini ya mwaka, pamoja na maambukizi, ni ya kutiliwa maanani sana. Kabla ya miezi 3 IgG nzuri ni ya mama, haikuambii chochote. Kama kipimo hakipatikani, toa albumini kwenye jumla ya protini: tofauti ndogo sana ni dokezo tu, lakini ni dokezo la bei nafuu.

CD4 na CD3, alama za kuhesabia seli T. Vituo vingi vilipata mashine za CD4 kwa ajili ya VVU. Ziulizie hata kama vumbi limezishika. Mtoto wa chini ya mwaka asiye na VVU mwenye CD4 chini ya 1,500 au chini ya asilimia 25 lazima sababu yake itafutwe. Kama mashine inatoa na CD3, namba iliyo chini ya 300 inaendana na SCID.

Kipimo cha DHR au NBT, kinachoonyesha kama chembe nyeupe zinaweza kuua vijidudu, kwa anayeshukiwa CGD. Chembe lazima ziwe hai, kwa hiyo kubaliana na maabara saa ya kupokea damu kabla hujachoma. Sampuli iliyolala kwenye basi usiku kucha haina jibu la kuaminika.

Vipimo vya jini ni kazi ya hospitali ya rufaa. Usimcheleweshe mtoto ukivisubiri.

## Hatua ya 10: Mlinde tangu siku unayomshuku

Ulinzi hausubiri jibu la mjini.

Simamisha chanjo hai: BCG, matone ya polio, rota, na surua-rubella. Andika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi, pamoja na jina na namba yako, la sivyo muuguzi mwema wa kliniki atamchanja kwa nia njema. Chanjo zisizo hai hazina hatari, na ndugu wa nyumbani waendelee kuchanjwa, ila siyo matone ya polio. Lakini usisimamishe chanjo kwa kila mtoto mwenye mafua. Surua inaua.

Anza kotrimoksazoli kwa anayeshukiwa tatizo la seli T, aliye na zaidi ya wiki 4 hadi 6: miligramu 120 kwa siku chini ya miezi 6, miligramu 240 kuanzia miezi 6, kama tunavyowapa watoto wa mama wenye VVU.

Damu ya kuongezewa kwa mtoto huyu inatakiwa iwe imepigwa mionzi, maana limfosaiti za mchangiaji zinaweza kumshambulia na kumuua. Hospitali nyingi hazina damu hiyo. Kwa hiyo ongea na bingwa kabla, na usiongeze damu kwa sababu nyepesi.

Maziwa ya mama yasikatwe kwa uamuzi wako peke yako. Kuna virusi vya CMV vinavyopita kwenye maziwa na huwa tatizo kwa SCID, lakini maziwa ya chupa kwenye nyumba isiyo na maji safi huua kwa uhakika zaidi. Bingwa aamue pamoja na mama.

Nyumbani: mikono kwa sabuni, asipelekwe kwenye mikusanyiko, mwenye kikohozi asimbebe. Mpe mama karatasi inayosema mtoto akipata homa apokelewe bila foleni.

## Hatua ya 11: Barua ya rufaa na maneno kwa familia

Barua nzuri ina mistari sita: umri na uzito, maambukizi yaliyothibitishwa na tarehe zake, ukoo, PCR ya VVU na tarehe, namba kamili za limfosaiti zote ulizozikokotoa, chanjo hai alizokwisha kupata. Ambatanisha nakala za FBP zenyewe. Piga simu kabla gari halijaondoka, omba mtoto apokelewe kwenye chumba cha peke yake, siyo wodi yenye nimonia kumi.

Kwa familia, anza na jambo wanaloliogopa. Ukisema "kinga" baba atasikia UKIMWI, na usiku huo mama atahojiwa. Waite wote wawili. Waambie: "Tumepima, hana VVU. Mwili wake ulizaliwa bila askari wa kutosha. Hakuna aliyemfanyia, hakuna aliyekosea." Kisha waeleze tiba kwa ukweli: mwenye kukosa kingamwili huweza kuishi kwa kuchomwa imunoglobulini kila wiki 3 hadi 4, miligramu 400 hadi 600 kwa kila kilo, nayo ni dawa ghali. Mwenye SCID anahitaji uloto. Upandikizaji umeanza Tanzania, Muhimbili mwaka 2021 na Benjamin Mkapa Dodoma kwa watoto wa selimundu mwaka 2023, ila kwa ugonjwa huu bingwa ndiye atakayesema kama ni hapa au ni nje.

Kabla hawajaondoka, muulize mama kama ni mjamzito au anatarajia mtoto mwingine. Andika kwenye kadi yake ya uzazi: mtoto ajaye apimwe FBP siku za mwanzo, limfosaiti zihesabiwe, na BCG isubiri mpaka bingwa aione namba hiyo. Hata kama mtoto wa sasa amefariki kabla ya jibu kupatikana, maandishi hayo bado yana kazi, kwa hiyo yaandike hata siku ya msiba.